Kilichokataliwa na Mchwa

Ati posti za Khaemba ziling'olewa makaburini. Neno hilo lilimfikia Nasimiyu, mkewe, akiwa ameinama mbele ya meza ya Rosaline, hapo mtaa wa Tuwan mjini Kitale, akichagua mafungu ya mboga ya mrenda. Rosaline hakulisema kama mtu anayeleta habari. Alilisema kama mtu anayefukuza nzi.

"Mama Levi, nakuambia tu kwa sababu wewe ni kastoma wangu. Mimi sisemi. Watu ndio wanasema."

"Watu gani?"

"Watu." Rosaline akanyunyizia kunde zake maji. "Ati hizo posti mzee wako alileta na mkokoteni zilikuwa fensi ya shamba fulani, na hiyo fensi ilizunguka kaburi ya mwenye shamba. Sasa mwenyewe amelala huko wazi, ng'ombe zinampita juu. Na nyinyi mnakalia stuli yake. Ongeza hii fungu, leo mrenda ni laini."

Nasimiyu alicheka, akaongeza fungu, akaenda zake. Lakini kicheko kiliishia kona ya kwanza. Uvumi ni kama kibanzi kilichoingia chini ya ukucha: hukioni, lakini kila unachoshika kinakukumbusha. Alipofika nyumbani hakuingia ndani. Alizunguka nyuma mpaka kwenye kibanda cha mabati alichofanyia kazi mumewe, akasimama mlangoni akizitazama zile posti zilizolazwa ukutani, kana kwamba mojawapo ingeamka imsalimie.

Kibanda hicho Khaemba alikijenga mwenyewe. Mchana alikuwa karani wa ghala la mahindi. Jioni na Jumamosi alikuwa fundi. Hakufundishwa na mtu. Alijifunza kwa video za simu, na kwa kuharibu. Stuli yake ya kwanza aliitengeneza kwa saiprasi iliyotoka tu kupasuliwa, ikinukia msitu bado, na ikasimama vizuri hata majirani wakaja kuiona. Jua lilipoipiga kwa majuma machache, miguu ikaanza kucheza ndani ya matundu yake. Kaka yake Wabwile alipokuja kutoka Kamukuywa kuwatembelea, ndiye aliyepewa heshima ya kuikalia. Alipoinua kikombe tu, stuli ikapanua miguu kama ndama aliyezaliwa leo, na mzee mzima akajikuta sakafuni, chai yote mapajani.

"Khaemba! Hii ni stuli ama ni mtego ya panya?"

"Pole, ndugu yangu. Ni mbao. Ilikuwa mbichi."

"Wewe ndio mbichi, bana!"

Watu walicheka mpaka wakashika mbavu, ila Wabwile. Khaemba naye alipata funzo ambalo video hazikuwa zimemtia kichwani: mbao mbichi hukubali kila kitu siku ya kwanza, kisha hunywea na kukukana mbele ya wageni. Tangu hapo hakutaka kusikia habari ya mbao mbichi. Akatafuta iliyokauka kabisa, na ndivyo alivyozipata zile posti kwa mtu aliyekuwa akibomoa fensi ya shamba kubwa nje ya Kitale. Zilikuwa za mkaratusi, kavu kama mfupa, zimekaa ardhini miaka mingi, na ukizipasua zilikuwa na rangi ya kijani iliyoingia ndani kama ukungu.

"Sikia hiyo sauti," alimwambia mkewe siku alipozileta, akiigonga moja kwa nyundo. "Miaka yote kwa mchanga na mchwa haijaonja hata kidogo. Hii wajukuu ya Levi wataikuta."

Akazipasua, akazipiga randa, akatengeneza stuli, rafu ya vyombo, kitanda cha mtoto wao Levi. Na kwa vile Nasimiyu alilelewa asitupe kitu, vipande vyote vilivyobaki vilikuwa vyake. Alivikusanya kwa gunia akavipeleka jikoni. Viliwaka haraka, na pembeni mwa mwali palikuwa na ukijani mzuri wa ajabu. Levi, aliyekuwa bado darasa la chekechea, alikuwa akijikunyata karibu na jiko kuutazama.

"Mama, washa moto ya rangi!"

Hata majivu hakuyatupa. Nani wa kutoka Bungoma anayeweza kupika mrenda bila munyu wa kienyeji? Kwao mama humwaga majivu ndani ya kopo lililotobolewa chini, akalikinga kwa nyasi, akamimina maji juu, na yale yanayodondoka ndiyo musherekha: kijiko kimoja tu na mboga inalainika, inateremka kooni yenyewe. Nyumbani majivu huwa ya maganda ya maharagwe au ya ndizi. Lakini Tuwan ni mjini, nyumba zimebanana, hayo maganda ya gunia zima utayatoa wapi? Nasimiyu alitumia majivu yaliyokuwa jikoni. Majivu si ni majivu tu.

Levi alianza kuumwa baada ya mvua za kwanza. Alitapika, akaharisha, akapona, akatapika tena. Mwalimu wake akalalamika kwamba mtoto analala darasani. Nasimiyu alipomchana nywele, nyingine zilibaki kwenye kitana, na viganja vyake vidogo vikawa vigumu vigumu kama vya mtu wa jembe. Kliniki walisema ni minyoo, wakampa dawa. Kisha wakasema ni taifodi, wakampa dawa nyingine.

Nasimiyu hakuamini minyoo wala taifodi. Aliamini kile kibanzi cha Rosaline. Na moyo ukishaanza kutafuta mwenye kosa, haukosi jina.

Jina lilikuwa Chelangat. Alikuwa jirani wa mlango kwa mlango, mwanamke wa kutoka miteremko ya Elgon, anayeletewa maziwa na ndugu zake na kuyauza hapo mtaani. Kila asubuhi alimpa Levi kikombe cha bure. Nani siku hizi anatoa maziwa bure? Zamani alikuwa anakula kwa Nasimiyu bila kukaribishwa mara mbili, lakini sasa akikaribishwa mboga alikuwa akishika tumbo.

"Asante Mama Levi, lakini hiyo yako wacha tu. Mara ya mwisho ilinisumbua usiku mzima."

"Mrenda ndio imekusumbua? Ama ni mimi nimekusumbua?"

"Aii, si nimesema tu. Na hii moshi yako nayo! Inaniuma macho kama pilipili. Kwani mnachoma nini huku?"

"Tunachoma kuni, Chelangat. Maskini huchoma kuni."

Chelangat alicheka akidhani ni mzaha. Nasimiyu alimsindikiza kwa macho mpaka mlangoni. Mtu anayekataa chakula cha nyumba, aliwaza, ni mtu anayejua kilichomo. Kesho yake maziwa ya Levi aliyamwaga kwenye mtaro.

Jioni alimweleza Khaemba, naye Khaemba akatikisa kichwa huku akikwaruza viganja vyake vilivyokuwa vikibambuka ngozi. Alidhani ni gundi.

"Mama Levi, utagombana na mtaa mzima kwa sababu ya mdomo ya Rosaline?"

"Na hizo posti? Ni kweli zilikuwa kaburini?"

"Zilikuwa fensi. Kama ndani ya fensi kulikuwa na kaburi, mimi sikuingia kuhesabu watu."

"Lisemwalo lipo, Baba Levi."

"Lipo, lakini si kila lililopo ni lako." Akarudi kwenye kibanda chake, na kukohoa kwake kukasikika juu ya sauti ya msumeno.

Shule zilipofungwa Nasimiyu alimchukua Levi, wakashuka Kamukuywa kwa Kukhu Phelista, mama mzazi wa Khaemba. Kukhu alimtazama mjukuu, akamwekea mkono kichwani akaomba kwa muda mrefu, kisha akamwekea sahani. Alikuwa mama wa kanisa, lakini hakuamini kwamba maombi yanafanya kazi kwenye tumbo tupu. Alimlisha ugali wa wimbi, kunde, mrenda uliopikwa kwa munyu wake mweusi mweusi kama chai ya rungi isiyo na maziwa. Na mtoto, polepole, akaanza kucheza. Akafukuza kuku. Akaanza hata kuiba miwa.

Hapo ndipo Nasimiyu alipopata ushahidi aliokuwa akiutafuta. Huku hakuna Chelangat, mtoto mzima. Kule kuna Chelangat, mtoto mgonjwa. Mtu angetaka nini zaidi?

Waliporudi Tuwan hakumaliza hata kufungua mizigo. Alivuka uwanja, akasimama mlangoni kwa jirani, mikono kiunoni.

"Chelangat, mtoto wangu amekukosea nini?"

"Karibu kwanza, Mama Levi. Levi anaendeleaje?"

"Usimtaje! Hiyo maziwa yako ya bure, uwekee watoto wako."

Chelangat alikuwa ameshika ungo. Aliuweka chini taratibu. "Unasema mimi namlisha mtoto kitu?"

"Mimi nasema kile nimeona."

"Umeona nini?"

Majirani walikuwa wameshatoka na viti. Nasimiyu alifungua mdomo akitafuta alichokiona, akakikosa, akasema tu, "Mungu anaona," kisha akageuka. Nyuma yake alisikia mlango ukifungwa bila kishindo, na kutokuwepo kwa kishindo kule ndiko kulikomkera.

Sasa, kama mwenye kosa alikuwa Chelangat, basi Levi alipaswa kupona. Maziwa hayakuja tena. Hakuna aliyevuka uwanja. Hata hivyo, kabla majuma mawili hayajaisha, mtoto alikuwa ameinama tena kwenye beseni, na safari hii alilia kwamba miguu inamchoma kama amekanyaga siafu. Nasimiyu aliuona mwanya katika hoja yake, kama unavyouona mwanga unapopita kwenye kiungo kisichokaza. Akauziba haraka: ati Chelangat anamroga kwa macho, kupitia dirishani. Akaning'iniza pazia lingine dirishani. Akampikia Levi mrenda mwingi zaidi, kwa sababu ndicho kitu pekee alichokubali kumeza, na akaukoleza munyu ili uteremke vizuri.

Mwishowe akaamua kuhama. Angekaa Kamukuywa na mtoto mpaka Khaemba atafute nyumba mtaa mwingine. Mkwe haendi kwa wakwe mikono mitupu, basi alibeba sukari, sabuni, na chupa kubwa ya musherekha aliyoichuja mwenyewe, ili Kukhu asihangaike kuchoma maganda.

Kukhu aliinua chupa kwenye mwanga. "Mbona munyu yako ni ya manjano manjano hivi?"

"Ni ya mjini, Kukhu. Hata munyu ya mjini inajipaka poda."

Kukhu alicheka, akaonja kwa ncha ya ulimi, akaitazama tena. Kisha akaiweka chupa karibu na jiko. Tangu siku hiyo waliutumia ule. Kukhu na Levi walikuwa wakila kwanza, kutoka sahani moja kama walivyozoea. Nasimiyu alikuwa akila mwisho, kile kilichobaki, na mara nyingi hakikubaki.

Safari hii Kamukuywa haikumponya Levi. Nasimiyu alingoja ile nafuu ya kwanza, haikuja. Badala yake, asubuhi moja, Kukhu mwenyewe alishindwa kuinuka. Alitapika mpaka hakuna kilichotoka, midomo ikamkauka, akawa anamwita marehemu mumewe kwa jina. Pembeni yake Levi alikuwa amejikunja kama jani.

Wabwile alifika kutoka nyumba yake, iliyokuwa ya pili katika boma lile lile. Yeye alikuwa akila kwake. Alimtazama mama yake, akamtazama mtoto, kisha akamtazama shemeji yake aliyesimama wima, akasema neno ambalo Nasimiyu alilijua kabla halijatoka, kwa sababu alikwisha kulitumia yeye mwenyewe.

"Mama Levi, mama yangu amekukosea nini?"

"Shemeji!"

"Mama alikuwa mzima. Umefika na chupa, sasa ni hivi. Mimi nasema kile nimeona."

Na yeye alikuwa ameona. Hilo ndilo lililomkata Nasimiyu maini. Chelangat hakuwa na chupa; yeye alikuwa nayo, na kila mtu aliiona.

Waliwapeleka hospitali Bungoma kwa gari la jirani. Wabwile aliibeba ile chupa ndani ya mfuko wa nailoni, ameishika mbali na mwili wake kama nyoka. Njia nzima Nasimiyu alimpakata Levi, akawa anahesabu pumzi zake, na kila pumzi iliyochelewa ilikuwa kesi yake mwenyewe.

Daktari alikuwa msichana mdogo mwenye sauti ya chini. Aliwatundikia maji wote wawili, akatazama viganja vya Levi, akavigeuza, akatazama kucha, akavuta unywele mmoja nao ukaja bila ubishi. Kisha akauliza, "Hawa wawili, bibi na mjukuu, wamekula nini ambacho wengine hawakula?"

"Uliza chupa," Wabwile akasema. "Ama uliza huyu mwenye chupa."

"Ni munyu tu," Nasimiyu akasema. "Munyu ya kienyeji. Hata mimi nakula."

"Umetengeneza na majivu?"

"Ndiyo."

"Majivu ya nini?"

Swali lilikuwa dogo, na jibu lake la kawaida lilikuwa ulimini tayari. Ya maganda ya maharagwe. Kila mama anasema hivyo, na hakuna ambaye angepinga. Wabwile alikuwa amesimama hapo, mikono kifuani, akingoja. Akisema maganda, chupa inatakasika, yeye anabaki mke wa watu. Akisema kweli, atakuwa amekiri mbele ya ukoo kwamba kilichomlaza Kukhu kilitoka mkononi mwake. Nasimiyu alimtazama mtoto. Levi alikuwa amefumbua macho kidogo, na macho yenyewe yalikuwa kama ya mtu anayetazama kutoka mbali sana.

"Ya kuni," akasema. "Vipande vya posti. Bwana yangu ni fundi. Hizo posti ni za fensi, na ndani ni kijani."

Daktari aliacha kuandika. "Kijani? Mpigie bwana yako simu. Muulize hizo posti zilipikwa na dawa gani."

Khaemba aliipokea simu, msumeno ukisikika unasimama.

"Baba Levi, posti zako kwa nini ni kijani?"

"Si ni dawa. Zile hupikwa na dawa kiwandani, kama nguzo za stima. Kwani Kukhu anaendeleaje?"

"Dawa ya nini?"

"Ya mchwa. Ndio maana mchwa..." Msumeno ukasikika ukiwekwa chini.

"Kitu mchwa amekataa," Nasimiyu akasema, "sisi tumekila na kijiko."

Daktari aliitaja sumu yenyewe kwa jina, aseniki, akaeleza kwamba dawa ile inakaa ndani ya mbao bila kunusika. Ukiisaga inatoka na vumbi. Ukiichoma haiungui ikaisha; nyingine inapanda na moshi na iliyo nyingi inabaki kwenye majivu. Na kuyachuja majivu kwa maji, akasema bila kuinua sauti, ni kama kuikamua. Mkojo na kucha zilichukuliwa zikapelekwa kupimwa mbali, lakini matibabu hayakungoja majibu. Majibu yalipokuja yalisema alivyosema yeye.

Wabwile alisikiliza yote hayo akiwa ameshika ule mfuko. Mwishowe aliuweka chini. "Kwa hivyo hakukusudia," akamwambia daktari, kana kwamba Nasimiyu hakuwepo. Lilikuwa jambo la karibu zaidi na pole ambalo angepata kwake, na alilipokea.

Kukhu ndiye aliyepata sauti kwanza. "Mimi nilionja siku ile," alimwambia mkwe wake. "Nikasikia haina ladha ya munyu yetu. Nikanyamaza, nikasema huyu mtoto wa mjini ataona namdharau."

"Ungesema tu, Kukhu."

"Na wewe ungesikia?"

Nasimiyu alikuwa amemkumbuka mtu mwingine aliyesema, tena wazi wazi: hii mboga imenisumbua, hii moshi inaniuma macho, kwani mnachoma nini huku? Alikuwa ameulizwa swali la daktari muda mrefu kabla ya daktari, na akalijibu kwa dharau.

Levi alichukua muda. Miguu iliendelea kumchoma, akawa anatembea kama anayepita juu ya changarawe, na nywele zilirudi polepole kwa mafungu. Lakini alirudi. Siku alipoomba miwa Nasimiyu alitoka nje ya wodi akalia ukutani.

Waliporudi Tuwan, jambo la kwanza Nasimiyu alilofanya ni kuvuka uwanja. Chelangat alikuwa anapepeta maharagwe. Hakuinua macho.

"Nimekuja, Chelangat."

"Naona. Umekuja kusema ati maziwa yangu imeokoka?"

"Nimekuja kusema mimi ndiye niliyekuwa namlisha."

Ungo ukasimama. Nasimiyu alieleza yote akiwa amesimama hapo hapo juani, mbele ya majirani wale wale, maana matusi aliyatoa hadharani. Alipomaliza, Chelangat alisogeza stuli ya plastiki kwa mguu.

"Keti. Hii ni ya duka, haitakuangusha." Kisha akaongeza, bila kicheko, "Lakini usidhani nimesahau. Nitasahau nikitaka." Nasimiyu alipoinuka kwenda zake, Chelangat alimpa mfuko mkubwa wa maganda ya maharagwe. "Chukua. Choma hii. Si hata hapa mjini iko, ungeuliza tu."

Jambo la pili lilimjia njiani akirudi, likamfanya akimbie. Gunia moja la vile vipande alikuwa amempa Rosaline, akaangie samaki wake wa kuuza jioni. Alimkuta amepuliza moto, mafuta yanachemka.

"Rosaline, toa hiyo! Toa hiyo kuni!"

"Heh! Za kaburi ziko na wenyewe sasa?"

"Si za kaburi. Ni mbaya kuliko kaburi. Keti nikuambie, na ukimaliza kusikia, uende useme. Sema kwa kila mtu. Leo nakutuma."

Rosaline, ambaye hakuwahi kutumwa kusema kitu maishani mwake, aliketi. Kabla ya giza habari ilikuwa imefika stendi.

Khaemba hakuacha useremala. Alichoacha ni haraka. Zile posti, na stuli, na rafu, na kitanda cha Levi, alizirundika chini ya bati mbali na kisima, akaita watu wa afya wa kaunti waje waseme zipelekwe wapi, kwa sababu kuzichoma hakuwezekani na kumpa mtu ni dhambi. Alinunua mbao za saiprasi mbichi, akazipanga na vijiti katikati upepo upite, akaziacha zikauke zenyewe, taratibu. Nasimiyu naye ushuku wake haukuisha. Ulihama tu. Zamani alikuwa anachungulia macho ya watu. Sasa hakuna kipande kinachoingia langoni kabla hajakipasua na kukitazama rangi na kuuliza kilizaliwa wapi.

Na siku Khaemba aliporanda ubao wa kwanza wa saiprasi hiyo, alimpa mkewe aupigilie mlangoni mwa kibanda. Nasimiyu akachukua makaa, akaandika kwa herufi kubwa ili hata mteja anayepita asome:

Usinunue mbao ambayo mwenye kuuza hasemi ilitoka wapi.

Usichome mbao ya kijani, wala nguzo ya stima, wala mbao yenye rangi ya zamani. Hata kipande kidogo. Hata kwa chai.

Majivu yake usioshee sufuria, usinyunyizie sukuma wiki, usitilie maharagwe ya kuweka.

Usitengeneze munyu na majivu ya kuni usizozijua. Maganda tu.

Vumbi lake usiwatandikie kuku.

Usiikate bila kufunga pua na mdomo, na nguo za kazi usizilaze na za mtoto.

Usimtengenezee mtoto kitanda na mbao ambayo mchwa ameikataa.

Usimruhusu mtoto kuota moto wa rangi.

Ladha ikiwa si ya kawaida, usinyamaze kwa heshima.

Usimtaje jirani kabla hujaangalia jiko lako.